Kikombe Kilichotengwa

Mama mwenzangu, mtoto akija kukuomba kofia ya karatasi, usikimbilie mkasi. Muulize kwanza ni ya mchezo gani, na akishaivaa atapita mlango gani. Hilaria hakuuliza. Alikata tu, akabandika kwa uji wa ngano, akapamba na nyota za ile karatasi ya kung'aa inayotoka ndani ya pakiti za sigara. Mikono ilikuwa kwenye kofia ya mwanawe. Moyo ulikuwa kwa mwanamume.

Ulikuwa mwisho wa mavuno kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang. Kombaini, zile mashine za kuvunia, zilikuwa zimerudi kambini zimejaa vumbi, na mke wa meneja, Mama Philomena, alitaka watoto wa wafanyakazi wafurahi. Aliwahi kufuatana na mumewe ng'ambo kwenye mafunzo, akaona huko watoto wanafanyiwa sherehe ya mazingaombwe. Wanavaa kofia ndefu zenye ncha, wanashika vijiti, na mtu mzima anajifanya mchawi mwenye ndevu, anatoa peremende hewani.

"Mchawi gani tena, Mama Meneja?" akina mama walimwuliza.

"Wa kuchekesha."

Wakacheka kidogo, kwa heshima. Walipofika bombani hawakucheka tena.

Wa kuigiza mchawi alikuwa Bashiri, fundi wa kombaini, mtoto wa wenye duka pale Katesh. Alikuwa anajua kumeza shilingi na kuitoa sikioni kwa mtu, na watoto wa kambi walimfuata kama vifaranga. Hilaria naye alimfuata, lakini kwa macho tu. Hilaria alikuwa mjane, na tena alikuwa ametengwa.

Kwetu kifo kikipita nyumbani, nyumba inakaa metimani, yaani inatengwa na watu. Mjane hachangii moto na jirani, haazimi jembe, hakanyagi penye nafaka ya watu, mpaka mwaka uishe na wazee wamfungue. Padri anasema tuache mambo hayo. Jumapili tunaitikia kwamba tutaacha. Margwe, mume wa Hilaria, dereva wa trekta, alikuwa amefia Haydom hospitali kwa ugonjwa wa kifua, na tangu azikwe Hilaria alishona magunia yaliyotoboka kwenye kibanda cha peke yake, pembeni ya ghala. Binti yao Letisia alikuwa ameshafunguliwa, maana mtoto hafungwi muda mrefu. Mama yake bado. Kikombe chake cha bati kilining'inia nje ya kibanda kwenye msumari wake, na watu walikizunguka kwa mbali kama mzinga wa nyuki.

Mpaka siku Bashiri alipokuja na ovaroli yake imelowa oili, akakitungua, akamimina chai kutoka birika la Hilaria, akanywa.

Hilaria alibaki na sindano ya gunia mkononi. "Umefanya nini?"

"Nimekunywa chai."

"Hicho kikombe hakinywewi na mtu."

"Mbona wewe unakinywea?"

"Bashiri, mimi nimetengwa. Hujaambiwa?"

"Nimeambiwa." Alitazama ndani ya kikombe, akamaliza kilichobaki. "Nimeambiwa siku ile ile niliyofika hapa. Nilikuwa nangoja chai ipoe."

Hakumgusa. Alimtazama tu, akarudisha kikombe kwenye msumari wake taratibu, kishikio kikielekea upande ule ule wa mwanzo. Tangu msiba Hilaria hakuwa ametazamwa na mtu bila mtu huyo kwanza kurudi nyuma. Hofu na mapenzi vilimwingia kwa mlango mmoja, na tangu hapo hakujua tena kuvitenganisha.

Basi Bashiri alipomwambia kwamba anataka Letisia ndiye apotee kwenye sanduku siku ya sherehe, Hilaria alitaka kukataa, akajisikia anasema, "Nionyeshe kwanza."

Sanduku lilikuwa la mbao, lililoletewa vipuri vya kombaini. Bashiri alilisimamisha likaegemea ukuta wa ghala mahali penye ubao unaochomoka. Mtoto angeingia kwa mbele, afungiwe, asukume ubao wa nyuma, atokee ghalani, apite gizani hadi mlango mdogo wa upande wa pili, kisha azunguke nje na kuchungulia kutoka kwenye trela, nyuma ya watu wote. Siri ilikuwa hiyo tu. Lakini ndani ya ghala, kushoto yalipangwa magunia, na kulia ulikuwa mlima wa ngano isiyofungwa. Ngano ya namna hiyo inameza. Ukiipanda inaachia chini yako kama maji, na mtu mzima akizama mpaka kiunoni hatoki asipovutwa.

Kwa hiyo jioni kazi ikiisha, Hilaria aliingia ghalani alikokatazwa, kumfundisha mwanawe.

"Mkono wa kushoto uwe wapi?"

"Kwenye magunia."

"Ukiyaacha magunia?"

"Ngano itanimeza."

"Rudia."

"Mama, nimerudia sana," Letisia alisema, na Bashiri akacheka kule mlangoni alikosimama kulinda.

"Usicheke," Hilaria alimwambia Bashiri, mtoto alipokwisha kukimbilia nje. "Mama mkwe akijua nimekanyaga humu atamchukua Letisia. Mtoto ni wa ukoo wa Margwe. Nitasema nini?"

"Hatajua. Mwaka wako ukiisha nitakuja na wazee wangu."

"Wewe Mwislamu."

"Na wewe chai yako mbaya. Tutavumiliana."

"Baba yako atasemaje?"

"Ameshasema. Ameuliza kama binti wa Katesh wameisha mpaka nikaokote mjane wa Kimbulu anayekimbiwa na watu wake mwenyewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia wanaomkimbia wameniachia nafasi ya kukaa."

Hilaria alijifunika uso kwa khanga, maana alikuwa anatabasamu na alikuwa anaogopa, na hakutaka aonekane kwa lolote kati ya hayo mawili.

Siku ya sherehe upepo ulishuka kutoka mlimani, kofia za karatasi zikawa zinashikwa kwa mikono. Watoto walikaa chini mbele ya ghala, wakubwa wakasimama nyuma yao. Kulikuwa na maandazi kwenye beseni, na kreti za soda ambazo Mama Philomena alizipata kwa shida. Bashiri alitokea amevaa turubai jeusi kama joho, ndevu za katani mpaka tumboni. Watoto wadogo wawili walilia wakapelekwa kwa mama zao.

Hilaria alisimama peke yake kando ya ukuta, kama ilivyompasa. Ndipo lori la shamba liliposimama, akashuka Bernadina, mama mkwe wake, kutoka Gendabi, amejifunga shuka zito, chupa ya maji mkononi.

Hilaria aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bernadina alisimama mbali naye, kwa kipimo kinachotakiwa. "Huyo mwenye katani kidevuni ni nani?"

"Fundi wa mashine, mama. Anachekesha watoto."

"Kwetu mchawi anaogopwa. Hapa mnampikia maandazi." Akatazama mbele. "Na mjukuu wangu mbona amewekwa karibu naye?"

"Watoto wamejikalia tu, mama."

Hilo lilikuwa neno la uongo. Bernadina alimtazama fundi, akamtazama mkwewe, akamtazama tena fundi. Bashiri wakati huo alikuwa anatoa peremende sikioni kwa mtoto wa dobi, na kabla ya kugeuka alitupa jicho kwa Hilaria, dogo tu, la kumwuliza kama yuko salama. Mtu mwingine asingeliona. Bernadina alikuwa amezaa wanane, akaliona.

"Nani haogopi kupotea?" Bashiri aliuliza kwa sauti nzito.

Letisia alisimama kama walivyofundishana. Kofia ilikuwa kubwa, ikamshukia mpaka kwenye nyusi. Aliingia ndani ya sanduku, akageuka, akampungia mama yake mkono. Wa kushoto. Mlango ukafungwa.

Bashiri aligonga kwa kijiti cha bua la ngano, akafungua. Lilikuwa tupu.

Watoto walipiga kelele za furaha. Bashiri akawaambia waimbe ili mwenzao asikie njia ya kurudi, wakaimba wimbo wao wa shule. Hilaria aliimba nao bila sauti, huku akihesabu mwendo wa mtoto kichwani: sasa yupo kwenye magunia ya mwanzo, sasa ameuona mwanga wa mlango mdogo, sasa anazunguka, sasa anapanda trela.

Wimbo uliisha. Trela lilikuwa tupu.

"Labda ameona aibu," Bashiri alisema. "Imbeni kwa nguvu."

Wakaimba tena. Upepo ulipindua kofia moja ikaviringika mpaka miguuni kwa Hilaria, hakuna aliyeifuata. Alimtazama Bashiri. Aliyajua macho yale yakicheka, yakichoka, yakimtamani. Namna yalivyokuwa sasa hakuwa ameyaona bado. Bashiri aling'oa ndevu zake, akaingia ndani ya sanduku mwenyewe, na watu wakasikia ubao unaanguka.

Hapo akina mama ndipo waliponyanyua watoto wao.

Milango mikubwa ya ghala ilifunguliwa. Bashiri alikuwa amepiga magoti kwenye ngano, anachimba kwa mikono miwili. Kila alichotoa kilirudi. Alichota, ikateremka, akachota, ikateremka, na turubai lilipomzuia akalivua akalitupa. "Letisia," alikuwa anaita, si kwa kelele, kama mtu anayemwamsha mtoto usingizini. "Letisia. Shika magunia, mama."

Gervasi, mdogo wake marehemu Margwe, alimkamata shingoni akamwinua. Mkono wake mwingine ulikuwa na spana ndefu ya trekta.

"Mtoto wa kaka yangu yuko wapi?"

"Niache nichimbe."

"Umempeleka wapi, mchawi wewe?"

"Gervasi, niache nichimbe. Huu ni mchezo, kuna ubao nyuma ya sanduku. Alitakiwa apite hapa atokee kule."

"Alijuaje kupita?"

Bashiri alinyoosha mkono kuelekea ngano.

"Nauliza, mtoto wa miaka sita alijuaje kupita gizani? Nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Bashiri alikuwa amemwona Hilaria, watu wote wakiwa katikati yao. Ngano ilikuwa imemganda kwenye vidole, na chini ya kucha palikuwa pekundu. Alimtazama kwa muda mfupi, kisha akatazama chini.

"Peke yangu," alisema.

"Yatima wa watu. Ghalani. Peke yako." Gervasi alisema kila neno polepole, na wanaume wengine wakasogea. Mmoja alifunga mlango mmoja wa ghala. Mwingine alishika mkono wa kuume wa Bashiri akaunyoosha juu ya gunia, na kila mtu akaelewa spana ile inakwenda wapi. Fundi asiye na mikono si fundi. Mama Philomena alisema, "Jamani, ngojeni meneja," lakini alisema kwa sauti ya sebuleni, haikufika mbali.

Hilaria angenyamaza, Letisia kama yu hai angebaki wake. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Alikuwa mtu wa pembeni, na mtu wa pembeni haulizwi.

"Si peke yake," alisema.

Hawakumsikia. Akakanyaga kizingiti, akaingia, nyayo zake juu ya punje za ngano zilizomwagika, mbele ya macho ya kambi nzima.

"Si peke yake, shemeji. Mtoto nilimfundisha mimi. Hapa hapa. Jioni nyingi. Kofia nimekata mimi, joho lake nimeshona mimi. Na kikombe changu anakinywea kwa kuwa nimemwacha akinywee. Ukivunja, anza na wangu." Akaweka mkono wake juu ya gunia, pembeni ya mkono wa Bashiri. "Au muache amtafute mwanangu. Chagua upesi, maana kama amezama hana pumzi ya kutungojea."

Watu waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Mwanamke mmoja alikung'uta khanga yake. Gervasi aliachia shingo ya Bashiri, si kwa huruma, kwa kuwa sasa alijua amemshika mtu aliyenywea kikombe cha aliyetengwa. Bashiri alirudi kwenye ngano, na safari hii Hilaria alipiga magoti karibu naye, wakachimba wawili, mabega yakigusana kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

"Msichimbe," sauti ilisema.

Bernadina alikuwa kwenye mlango mdogo. Alilifungua shuka lake. Letisia alikuwa ndani, kofia imekunjika, uso umeoshwa, maji bado yanamtiririka shingoni.

"Mama, sikuyaacha magunia," Letisia alisema. "Niliyashika mpaka mwisho. Bibi ndiye alinikamata."

Hilaria aliinuka. Alitaka kumkimbilia mwanawe, lakini Bernadina akainua kiganja, naye Hilaria akasimama pale pale.

"Nilizunguka huku nyuma kwa kuwa sikulipenda lile sanduku," Bernadina alisema. "Huyu akatokea kwenye giza ameenea vumbi, mweupe kuanzia kichwani. Mwanangu nilimwona hivyo mara ya mwisho, uso mweupe, wakimfunika. Nilimwosha kwa maji yangu kabla sijamwita jina. Miguu haikunibeba, nikakaa chini naye. Halafu nikasikia fundi anaulizwa. Nikanyamaza. Nilitaka kujua mlango huu unajulikana na nani mwingine."

"Lakini ulikuwa mchezo tu wa watoto, mama," Mama Philomena alisema.

"Ndiyo, Mama Meneja. Na mtoto amecheza vizuri. Waliojificha ni wakubwa." Akamgeukia Hilaria. "Mwaka wako ulikaribia kuisha. Sasa unaanza upya leo. Letisia anakwenda na mimi Gendabi. Ukiukaa mwaka wako sawasawa nitamrudisha mwenyewe. Lakini huyu akionekana mlangoni kwako hata mara moja, mtoto ni wa ukoo, usimwulizie tena."

"Mama," Bashiri alisema, "kikombe nilikichukua mwenyewe. Kosa ni langu."

"Basi nawe usile na watu. Na wewe hakuna mzee wa kukufungua, kwa kuwa hukuzaliwa kwetu."

"Nitafunguka siku atakayofunguliwa yeye."

"Tutaona," alisema Bernadina.

Maandazi yalibaki kwenye beseni. Watoto waliondoka na kofia zao chini ya makwapa, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama Bashiri alikuja akasimama nje ya kibanda cha magunia, mbali, mahali pa mtu anayejua sheria.

"Nimeomba nihamishiwe shamba lingine," alisema. "Lori linaondoka alfajiri. Nikibaki hapa nitakuja mlangoni kwako, najijua."

"Nenda."

"Kwa nini ulisema, Hilaria? Nilikuwa nimeshakuficha."

"Wangekuvunja mikono."

"Ni mikono tu. Ungebaki na mtoto."

"Ningebaki na mtoto, nikawa mjane mara ya pili." Hakuinua macho kutoka kwenye gunia. "Usinitazame hivyo. Watu wanaona."

"Mwaka ni mrefu," Bashiri alisema.

"Wewe unauogopa?"

"Sana."

"Na mimi," alisema Hilaria. Ndiyo maneno ya mapenzi waliyoagana nayo, na hawakuwa na mengine.

Asubuhi Bernadina alipita na Letisia kwenda kupanda gari la Gendabi. Hilaria alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, hakuruhusiwa kumkumbatia mwanawe, akawa anamtengenezea kola ya gauni kwa macho. Letisia ndiye aliyeona.

"Bibi, misumari iko miwili."

Kando ya msumari wa kikombe cha Hilaria ulikuwa umepigwa mwingine, mpya, mnene, wa kufungia masanduku ya vipuri vya kombaini. Hakukuwa na kikombe juu yake. Hilaria naye ndiyo kwanza anauona. Alfajiri alisikia nyundo, akadhani wanatengeneza lori.

Bernadina aliusogelea. "Huu ni wa nini?"

Kusema hajui kungekuwa uongo wa pili, na wa kwanza ulishamgharimu. Hilaria alishika mwimo wa mlango.

"Wa mwakani, mama."

Bernadina alinyoosha mkono, akaushika msumari kwa vidole viwili, akautikisa. Mama yule aliutikisa tena, kwa nguvu zaidi, namna mtu anavyojaribu jino la mtoto. Haukucheza.

Akauachia.

"Twende, Letisia," alisema. "Gari halitungoji."